Dawa ya Mjusi

Skola mwanangu,

Barua za zamani zilianza kwa mwandishi kusema yeye ni mzima wa afya, hofu yake ni kwa huyo aliye mbali. Mimi siwezi kuanza hivyo. Utakapokuwa unasoma hii utakuwa umekaa dirishani, mimi nimekaa kando yako, na basi litakuwa limeshaiacha Sumbawanga. Kwa hiyo hali yako naijua, na hofu ni juu yangu mwenyewe. Nitakupa karatasi hizi mkononi, halafu nitajifanya nimesinzia, kwa sababu maneno haya yamegoma kunitoka mdomoni kwa miaka saba.

Hivi sasa ni jioni. Wewe na mama yako mmekwenda kwenye jumuiya mkaombewe safari. Nimefunga kibanda mapema, nimefuta meza, nimesukuma pembeni redio ya mzee mmoja anayeapa kwamba haijaingia maji. Imeingia maji. Wote huapa. Ufundi redio umenifundisha kwamba mteja akikana jambo kabla hujamuuliza, hapo ndipo pa kufungua kwanza.

Mambo ya sweta, ndoo, vyeti na kufuli la sanduku mama yako amekwisha kuyasema, na asubuhi atayasema tena. Mimi nina jambo moja. Nilikusudia nife nalo, lakini Jumapili umenitisha.

Jumapili jirani yetu Mama Oresta alikuletea kikombe cha togwa ya ulezi ya kukuaga. Ulikipokea kwa mikono miwili, ukapiga goti, ukashukuru vizuri kabisa. Nilikuwa dirishani. Alipogeuka kuondoka ulizunguka nyuma ya jiko ukaimwaga yote chini, ukasugua kwa kandambili ili isionekane. Nilipokuuliza ulinijibu bila hata kupandisha sauti: "Baba, utajuaje ametia nini? Si wewe uliyenifundisha?" Mama Oresta ndiye aliyekubeba mgongoni hadi zahanati ulipopatwa na degedege ukiwa na miaka mitatu. Na ni kweli, ni mimi niliyekufundisha.

Ndipo nikamkumbuka Monsinyori.

Najua na wewe unamkumbuka. Ila unakumbuka kile nilichokuambia, na nilichokuambia si chote.

Ulikuwa darasa la tano. Ulirudi kutoka Ilemba, kwa mama yako mdogo, likizo ya Pasaka, umebeba boksi la biskuti ulilolitoboa matundu kwa kalamu. Ndani mlikuwa na mjusi mkubwa wa mawe, kichwa chake rangi ya zambarau, ngozi ya kidevu inaning'inia kama ndevu. Ukamwita Monsinyori kwa sababu ya hiyo rangi, kama ya mkanda wa kasisi wa cheo. Mama yako akasema cheo cha kanisa hapewi mnyama. Wewe ukamjibu kwamba huyu anaitikia kila jambo kwa kichwa, kwa hiyo ni mtu wa sala. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na jina likabaki.

Nilimtengenezea nyumba kwa ganda la televisheni mbovu. Nikaweka wavu mbele na jiwe bapa ndani, tukaiweka kwenye baraza ya kibanda, pale panapopigwa na jua la asubuhi. Alikuwa akitoka kwenye kivuli, analala juu ya jiwe, anakolea rangi, ndipo anaanza kula. Wewe na Minza ndio mliokuwa mkimkamatia panzi.

Minza. Nimeliandika jina lake, na mkono haukukauka. Jirani zetu wa upande wa uzio wa matete, Wasukuma, walikuja huku na ng'ombe. Baba yake alibaki na kundi kule bondeni, mama yake akapanga hapa Majengo na ng'ombe wawili wa maziwa ili watoto wasome. Wewe na Minza mlikuwa mkila sahani moja. Mama Minza alikuwa na kicheko kinachofika barabarani, na kila asubuhi alinisalimu kwa lugha ya kwao: "Mwangaluka, Baba Skola." Mimi nilimjibu kwa Kiswahili kikavu, kwa makusudi, ili asisahau kwamba yuko kwa watu.

Mwezi wa sita baridi ilituingia, ile unayoijua, ya mvuke mdomoni hadi saa nne. Siku moja mteja aliniletea simu, akaona ile nyumba ya mjusi barazani, akasema mbele ya watu: "Aa, fundi, kumbe huyu ndiye anayekutengenezea hizi redio sisi tukilala?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Lakini lile neno halikunitoka.

Nikuambie kwa nini. Nilipokuwa kijana nilikwenda Mbeya kujifunza ufundi. Siku ya kwanza mwenzangu wa chumba aliniuliza natoka wapi. Nilipotaja Sumbawanga, jamaa alihamisha godoro lake, akalilaza mlangoni. Hakunifanyia ubaya wowote, ila miezi minane tuliyokaa pamoja hakuwahi kula nilichopika. Na wewe yatakukuta huko chuoni Tabora. Watakuuliza kama umekuja kwa basi au kwa ungo. Wazee wetu husema maana ya Sumbawanga ni tupa uchawi, yaani ukifika hapa uutue huko huko nje. Wengine wamesikia neno la pili tu. Nilirudi kutoka Mbeya nikiwa mtu anayechukia kushukiwa kuliko kitu chochote, na hiyo haikunizuia kushuku wengine. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Basi siku ile ile nilichukua nyumba ya Monsinyori nikaipeleka kwenye stoo ya nyuma, ile isiyo na dirisha, tunakoweka mahindi. Wewe nilikuambia ni kwa sababu ya paka. Hapakuwa na paka. Niliogopa kuitwa mganga.

Baada ya siku nne Monsinyori akaacha kula. Ulimshikia panzi mdomoni, panzi akamtembelea usoni, naye hakufumbua hata jicho. Ile zambarau ikaenda ikifa, akabaki na rangi ya majivu. Hakuitikia tena kwa kichwa. Ulikaa stoo na sweta la shule ukimwambia, "Kula basi, kidogo tu," na mimi nikisimama mlangoni nilikusikia, moyo ukaniuma kweli. Nilikupenda sana saa ile. Nakuambia hili ili usidhani niliyofanya baadaye yalitoka kwenye chuki tu.

Redio iliyokufa ikiletwa mezani kwangu, kabla ya kulaumu kifaa chochote napima kwanza kama umeme unaingia. Mwanafunzi wa wiki moja anajua hilo. Mjusi ametoka Ilemba, kwenye joto, amewekwa gizani juu ya saruji mwezi wa sita hapa kwetu. Umeme wake ulikuwa jua, na mimi ndiye niliyemkatia. Sikupima. Sikuuliza nini kimebadilika. Niliuliza nani.

Baba yangu mimi alikuwa na msemo mmoja aliotulea nao: kikulacho ki nguoni mwako. Kila ng'ombe akifa, kila shamba likigoma, alitazama majirani mmoja mmoja. Nami nikawatazama. Nani anaingia stoo? Minza. Nani anajua mjusi anapendwa? Minza na mama yake. Nani ametoka mbali, na hatujui huko kwao waliacha nini? Kila swali nililojiuliza lilikuwa na jibu moja, na mtu mwingine angeona hivyo angestuka. Mimi nilijiona nina akili.

Asubuhi moja nikatoka kwenda msalani, umande umelala, ukungu umejaa uani. Nikamwona Mama Minza ameinama kwenye lundo la samadi lililoegemea uzio wetu, ana kijiti na kopo la maziwa ya unga. Anachimba, anaokota, anatia kwenye kopo.

"Mwangaluka, Baba Skola."

"Unachimba nini hapo?"

Akanyanyuka, akacheka kile kicheko chake. "Nachimba dawa ya mjusi wa mtoto. Si hali siku nyingi huyu? Nikimpa hii ataamka."

Neno ni hilo moja, mwanangu. Dawa. Unakwenda kulisomea miaka mitatu, kwa hiyo naomba ulitazame vizuri. Mgonjwa wa kichwa akisema amekunywa dawa, tunampa pole. Mama akisema dawa ya njaa ni ugali, tunacheka. Lakini mgeni akiinama kwenye uzio wako alfajiri akasema anachimba dawa, hilo lina maana moja tu, kwa mtu ambaye ameshaamua. Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilirudi ndani nikamweleza mama yako.

Alinisikiliza, akaendelea kupepeta maharage. Akasema, "Muulize kwanza, ni dawa gani."

Nikamwambia, "Mchawi haulizwi."

"Haya. Basi muulize jirani."

Sikumuuliza. Nilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Jioni wakaja watu, wakasimama uani kwetu, na mimi nikasema kwa sauti kwamba mwanamke huyu amekiri kwa kinywa chake. Mjumbe akasema, "Mama, lisemwalo lipo. Hebu lete hilo kopo." Akalileta. Akalifungua mbele ya wote. Ndani mlikuwa na funza weupe wa samadi, wanene, wanajinyonga. Watu wakarudi nyuma, mmoja akatema mate. Nami nikaona nimeshinda.

Alisema, "Ni chakula. Panzi wameisha kwa baridi. Kwetu kuku akigoma kula tunampa hawa. Asiyekula, dawa yake si chakula?" Alikuwa anamtazama kila mtu kwa zamu, akitafuta hata mmoja wa kumwitikia. Hakuna aliyemwitikia. Mwishowe akanitazama mimi. Hakupandisha sauti. "Baba Skola, neno hili ndilo tulilolikimbia kwetu. Mama yangu aliondoka duniani kwa neno hili. Na wewe umelitoa ukanipa?"

Niliangalia viatu vyangu.

Wiki ile ile walifunga mizigo. Asubuhi ya kuondoka Minza alisimama nje ya uzio, mkononi ana panzi kwenye chupa ya soda, anakuita. Wewe ulikuwa ndani. Nilikuwa nimekuambia usitoke, na usipokee kitu chochote kwa watu wale. Ulichungulia dirishani mpaka gari likaondoka. Baadaye uliniuliza, "Baba, na Minza pia ni mchawi?" Nikakujibu, "Utajuaje?" Nadhani hapo ndipo niliposhona ile nguo unayoivaa mpaka leo.

Sasa yaliyobaki huyajui.

Siku ya pili yake ulikuwa shuleni. Niliingia stoo, nikamkuta Monsinyori amekakamaa, miguu imenyooka. Nikasema amekufa. Nikamtoa nje, nikamlaza juu ya kipande cha bati nyuma ya jiko, kwenye jua la saa tano, nikaenda kwa jirani kuazima jembe. Jirani akanichelewesha kwa maneno. Niliporudi sikumwona mjusi wa majivu. Niliona kichwa cha zambarau. Alikuwa amesimama kwa miguu ya mbele juu ya lile bati la moto, anaitikia, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nzi akatua kwenye kiatu changu. Monsinyori akashuka, akamla hapo hapo mguuni pangu, akapanda tena kwenye bati.

Nilisimama na jembe la watu mkononi. Nilielewa yote kwa mara moja, mwanangu, kuanzia ile siku ya mteja hadi lile kopo. Mtu mzima aliyekuwa na haki angepiga mbio kutafuta lile gari lilielekea wapi. Angalau angemngoja mtoto wake arudi kutoka shuleni afurahi.

Nilihesabu kama mwizi. Nikisema Monsinyori amepona juani, utauliza kwa nini aliugua gizani, na nani alimweka gizani. Ukiuliza wewe, mama yako atasikia. Akisikia mama yako, mjumbe atajua. Nikachagua kulinda uso wangu. Nikamtia kwenye boksi, nikaazima pikipiki, nikashuka naye ule mteremko hadi Ilemba, nikamwachia kwenye mawe nyuma ya shamba la mama yako mdogo. Hakuharakisha kuondoka. Alipanda jiwe, akalala.

Na nyumbani nikachimba kaburi. Boksi lilihitaji uzito, maana nilijua utataka kulibeba mwenyewe. Nikaweka ndani redio ndogo ya mkulima, iliyoshindikana kutengenezwa, nikafunga kwa kamba. Ulilibeba kwa mikono miwili ukilia. Ulichomeka msalaba wa mabua. Nikakuambia, "Wamemmaliza." Nilitumia wingi, kusudi usisahau ni akina nani.

Mama yako aliona. Alihesabu redio rafuni akakuta moja haipo, hakusema. Lakini Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, ulipoweka maua pale nyuma ya jiko na kusali kwa kufumba macho, alinisogelea akaninong'oneza, "Ungemwekea na betri." Ni mwaka huo tu tulipocheka juu ya jambo hili, na nusu yangu ilikuwa inalia. Aliniambia nikuambie. Akaniambia kila mwaka. Kila mwaka nikasema, akue kwanza.

Umekua. Umekua ukanusa chai kabla ya kuinywa. Wasichana wa kwaya walikupenda, ukaniambia kwamba wana lao jambo. Ulipofaulu ulificha barua ya chuo chini ya godoro, hata mama yako hakuiona siku tatu, ili watu wasikuharibie. Nilijisifu kwamba nina mtoto mwangalifu. Jumapili, ile togwa ilipokuwa inaingia ardhini, nikaona ni mimi niliyeacha kula miaka saba, na nikakuambukiza.

Sikuambii umwamini kila mtu. Mimi mwenyewe kesho sitamwamini kondakta, nitashuka kila kituo kuangalia kama sanduku lako bado lipo kwenye buti. Nimezeeka hivi. Nakuambia tu nilichokiona kwenye bati: nilichokitafuta kwa jirani kilikuwa kwenye nguo zangu mimi, kama baba alivyosema, ila alisahau kuniambia nijikague kwanza. Huko wodini ataletwa mgonjwa asiyekula. Ndugu zake watakuwa na majina tayari. Wewe mguse miguu kwanza, uone kama ina baridi.

Miezi miwili iliyopita mteja kutoka Chala aliniletea spika. Katika kuongea akasema maziwa mazuri Chala ni ya Msukuma mmoja pale basi linaposimama, mama mwenye kicheko. Nikamuuliza kama ana mtoto. Akasema ana binti mkubwa, Minza, wanauza pamoja. Nilimtengenezea ile spika vibaya, akairudisha.

Leo mlipokuwa sokoni nimelifukua lile kaburi. Boksi limeoza, redio imeshika kutu, ila ni yenyewe. Imo kwenye kiroba nitakachokipakata kesho. Nakujua, utakuwa umekitazama kwa shaka tangu stendi, na nitakuwa nimekuambia ni viazi. Huo uongo ni wa mwisho. Kifungue utazame.

Nilisema nakusindikiza hadi Mpanda, ukapande treni ya Tabora. Tazama tiketi mbili nilizozibana kwenye karatasi hii. Yako inafika Mpanda. Yangu inaishia Chala.

Sijui atanifanya nini. Nimeyawaza yote, unanijua. Labda ataniitia watu, kama nilivyomwitia mimi, na itakuwa halali yake. Labda atanipa mgongo. Labda atanikaribisha kikombe cha maziwa, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwa sababu itabidi niyanywe mbele yake bila kuyanusa.

Sikuombi ushuke. Kosa ni langu. Lakini rafiki alikuwa wako, na sina haki ya kukupitisha mlangoni kwake kwa mara ya pili ukiwa unachungulia dirishani. Basi husimama pale, kondakta anatangaza watu washuke wakachimbe dawa, dakika kumi. Wenzetu wataelekea vichakani. Mimi nitavuka barabara na redio yangu kuchimba ya kwangu. Itakuwa bado asubuhi, na salamu yao ya asubuhi sijaisahau.

Ukimaliza kusoma, niguse bega. Sijasinzia.

Baba yako